Nauli ya Kirilo

"Hawa watu wa barafu, nani anawasemea?"

Baba aliniuliza hivyo jioni ya tatu ya likizo yangu. Tulikuwa barazani, nyumbani Akheri, Meru ya Arusha, redio imetoka kumaliza taarifa ya habari na mama anatupakulia loshoro. Habari yenyewe ilikuwa Greenland, kile kisiwa cha barafu kilicho chini ya Denmark, na rais wa Marekani kukitaka kiwe chake. Nina miaka tisa Aalborg, Denmark. Napakia makontena bandarini, na mizigo mingi ya Greenland hupitia hapo: vitunguu, saruji, nepi, betri za magari. Kwa hiyo baba aliona swali hilo ni la kwangu.

Nikamwambia kisheria mambo ya nje na ulinzi bado yako kwa Denmark, ingawa ukoloni ulifutwa kwenye katiba mwaka 1953. Ila sauti wamekuwa wakiichukua kidogo kidogo, na walianzia kwenye samaki. Mwaka 1972 Denmark ilipopiga kura kuingia Jumuiya ya Ulaya, kule Greenland kama watu saba katika kila kumi walikataa. Wakaingizwa hivyo hivyo. Walipopata serikali yao ya ndani mwaka 1979, hawakukaa: 1982 wakapiga kura yao wenyewe, na 1985 wakatoka. Watu wasiofika 60,000, baba! Leo Ulaya ikitaka kuvua kwao inalipa. Sheria ya mwaka 2009 ikawatambua kuwa ni watu wenye haki ya kujiamulia, ikawaruhusu kujadili mikataba katika mambo waliyokwisha kuyachukua mikononi mwao. Wana ofisi Brussels, Washington, Reykjavik na Beijing. Februari 2024 wakatoa mkakati wao wa mambo ya nje, na kiini chake ni kwamba yanayowahusu yasiamuliwe bila wao kuwepo.

Baba alisikiliza huku akikoroga bakuli. "Na ardhi je?"

Hapo ndipo nilipomweleza habari za mama mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, mtu mzima, mzaliwa wa kaskazini kabisa, Qaanaaq, ambako meli ya mizigo hufika kiangazi tu. Wazazi wake hawakuzaliwa hapo. Walikuwa wakiishi pembeni ya ilipojengwa kambi ya jeshi la anga la Marekani, Thule. Mwaka 1953 Wadenmark wakawapa siku chache tu wahame, wakaenda zaidi ya kilomita 100 kaskazini, na kwanza wakalala kwenye mahema. Mkataba wa ulinzi wa mwaka 1951 ulisainiwa na Denmark na Marekani. Wao hawakuulizwa.

Baba akaweka bakuli chini.

Novemba 1951 yeye alikuwa mtoto wa miaka sita, Ngarenanyuki. Anakumbuka moshi wa nyumba na ng'ombe wakilia njia nzima. Wameru kama 3,000 waliondolewa ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Lakini Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiwa wasimamizi tu, kwa hiyo palikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 1952 Mmeru mwenzetu, Kirilo Japhet, akaenda New York na wakili Earle Seaton, akawaeleza wakubwa wa dunia kilichotokea huku kwetu. Tulikuwa hatujapata hata chama cha TANU. Hakurudi na ardhi, ila alirudi na habari kwamba Mwingereza anashtakika.

Wa Thule hawakuwa na mlango huo. Mwaka 1954 Umoja wa Mataifa uliitoa Greenland kwenye orodha ya nchi zisizojitawala, hesabu ikafungwa. Walisubiri mahakama ya Denmark hadi 1999 ndipo iseme kwamba kuhamishwa kule kulikuwa uonevu.

"Unajua nauli ya Kirilo ilitoka wapi?" baba akauliza. Kisha akajijibu: "Hapa hapa. Watu walichanga. Bibi yako alitoa mbuzi."

Hilo neno limenikaa, kwa sababu ndilo linalowabana Greenland mpaka leo. Samaki na kamba ni zaidi ya asilimia 90 ya wanachouza nje, lakini karibu nusu ya bajeti ya serikali yao inatoka Denmark. Naamini kabisa kwamba watasema kwa uhuru kamili siku watakapojilipia nauli. Sisi tulilipa. Desemba 1965 Mwalimu alipovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ambako walowezi walijitangazia uhuru, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulikwama, na nchi changa hivyo ilikuwa inauhitaji. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini. Anasema pale Tengeru sokoni hakumsikia mtu akiulilia.

Nimerudi Aalborg wiki iliyopita. Wakati wa chai nikamsimulia yule mama habari za Ngarenanyuki, Kidenmark changu kikikwama hapa na pale. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniomba nimwandikie jina la huyo mtu. Nikachukua karatasi ya mzigo, nikaandika nyuma yake: Kirilo Japhet, Meru, 1952. Akaisoma taratibu, silabi kwa silabi, nami nikamsahihisha mara mbili. Akaikunja, akaitia mfuko wa ovaroli, tukarudi kwenye kontena la Qaanaaq.