Leo Hapigi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa na amri moja, Kutoka 20:12, "Waheshimu baba yako na mama yako", nayo imeninyima usingizi.

Chanzo ni habari za John Douglas, bondia wa ridhaa wa Uingereza. Katika Olimpiki ya London, Oktoba 1908, mapambano yote ya uzito wa kati yalimalizwa siku moja. Fainali alimshinda Mwaustralia Snowy Baker kwa pointi, akatwaa dhahabu. Baba yake alikuwa mkubwa katika chama cha ndondi za ridhaa, basi maneno hayakukosekana. Miaka mingi baadaye Baker alidai kuwa mzee huyo ndiye aliyekuwa mwamuzi, jambo ambalo halikuwa kweli.

Ngumi hazikumlisha, familia yao ilifanya biashara ya mbao. Alicheza pia kriketi, hata akawa nahodha wa timu ya Uingereza. Kule Australia watazamaji walizichezea herufi za majina yake, J.W.H.T., wakamwita "Johnny Won't Hit Today", yaani "Johnny Leo Hapigi", kwa jinsi alivyozuia mipira bila haraka yoyote. Bingwa wa masumbwi, anaambiwa hapigi! Msimu wa 1911–12 timu yake iliwafunga Waaustralia kwao, mechi 4 kwa 1.

Tarehe 19 Desemba 1930 yeye na baba yake walikuwa wakirudi kutoka Finland kwa meli ya Oberon. Karibu na Denmark, ndani ya ukungu, ikagongana na Arcturus. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa ndugu. Oberon ilizama kwa dakika chache. John alikufa maji akijaribu kumwokoa baba yake, na mzee naye hakupona.

Alikuwa na miaka 48. Amri inasema, "siku zako zipate kuwa nyingi." Hapo ndipo ninapokwama. Nimeifundisha amri hii mara nyingi kana kwamba ni akiba ya benki: weka heshima, utoe miaka. Huyu aliweka kila kitu, na miaka hakupewa. Sina jibu, na sitaki kulitunga kwa ajili ya tafakari.

Ila mama amenieleza kuwa baba yangu, kila jioni, hukaa barazani na simu mapajani. Giza likiingia humwambia, "Leo hapigi," kisha huingia ndani kulala.

Niwieni radhi, wapendwa, naishia hapa. Ni saa kumi na mbili na nusu, bado hajaingia ndani.