Kompyuta ya kabatini na joto la kaskazi

Jamani, mwenye kompyuta ya kufungiwa ndani ya kabati la meza anisikilize. Hapa Wete kaskazi ikishaingia, chumba chenyewe kinachemka, humo kabatini usiseme. Yangu asubuhi ilikuwa inakwenda vizuri, adhuhuri inakuwa nzito kama punda aliyezidishiwa mzigo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe isiungue. Na feni za ndani hata zivume vipi, zinazungusha hewa ileile ya moto.

Nikamwita fundi seremala. Akapima, akataka kutoboa tundu moja kubwa nyuma. "Litatosha hilo, mwanangu."

"Hapana ami, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea."

Akaguna, lakini akatoboa: chini mbele, na juu nyuma, maana hewa moto hupanda. Juu tukafunga feni ya milimita 120, volti 12, inayotoa nje. Chini kipande cha chandarua kuzuia vumbi (kinaziba upesi, kifutwe). Meza nayo tukaisogeza, isigande ukutani.

Sasa nahariri video za harusi mchana kweupe, haikwami. Kutu ndiyo bado: hewa ya bahari imeshaanza kula skrubu za feni. Mwenye dawa aseme.