Mradi wa maji ya paa: ninavyoufundisha kidato cha pili kwa chupa, kishikwambi na Calc

Swali la mradi ni moja, na liko ubaoni tangu siku ya kwanza: maji ya mvua yanayomwagika kutoka paa la madarasa yangetosha vyoo vya shule kwa siku ngapi? Nililichagua kwa sababu lina jiografia na hesabu ndani yake, vifaa vyake ni vya kuokota, na hakuna kitabu ambacho mwanafunzi atanakili jibu lake. Swali la aina ya "eleza umuhimu wa maji" halifai. Hilo ni insha, hata ukiliweka kwenye projekta.

Mikoa yenye mvua za masika nauanza Aprili baada ya likizo fupi, maana likizo ikiangukia katikati, mfululizo wa vipimo unakatika. Kwenye mvua za msimu mmoja, kama Dodoma au Mbeya, Januari ndiyo mwezi wake. Wiki sita zinatosha: moja ya kutengeneza vipimo, nne za kupima, moja ya hesabu na kuwasilisha.

Kipima mvua ni chupa ya maji ya lita 1.5. Ikate pale mabega yanapoishia, geuza kipande cha juu kiwe faneli bila kifuniko, kiingize kwenye kipande cha chini mpaka kingo zilingane, kisha zungushia seloteipu. Usibandike rula ubavuni. Chupa nyingi zina mikunjo na kitako chenye mabonde, kwa hiyo kina cha maji kinadanganya. Pima ujazo: mimina maji kwenye chombo, yavute kwa bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa (bila sindano), hesabu mililita, gawa kwa eneo la mdomo. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 8.5 una eneo la sentimita za mraba 56.7, hivyo milimita 1 ya mvua ni mililita 5.67. Ukipata mililita 113, mvua ilikuwa karibu milimita 20.

Kosa kubwa linakaa kwenye kipenyo. Plastiki ikishakatwa hugeuka umbo la yai, na aliyesoma sentimita 8 badala ya 8.5 ataongeza mvua yake kwa asilimia 13 hivi kila siku bila kujua. Kipenyo kipimwe mara mbili kwa njia panda, wachukue wastani. Kila kundi linakuwa na chupa tatu, umbali wa hatua chache kati yake, mdomo ukiwa sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Jengo la mita 4 kwenda juu linadai umbali wa angalau mita 8. Vipimo vitatu vikipishana, tumia cha katikati. Hicho hakiyumbishwi na mtoto aliyeona chupa tupu akaona ni vyema aijaze.

Kusoma ni saa 3 asubuhi kila siku, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa nchini, halafu chupa zinamwagwa zote. Jumamosi na Jumapili nazipanga kwa wanaoishi karibu na shule. Asiposoma mtu, siku hiyo inaachwa wazi. Haiandikwi sifuri. Sifuri maana yake mvua haikunyesha, na sifuri za uongo zikiingia, wastani unashuka na hakuna atakayejua kwa nini.

Kishikwambi kinaingia hapa. Vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, kisha walimu wakagawiwa, vinatosha kabisa. Kimoja kwa makundi matatu kinakidhi. Naweka KoboCollect, ambayo inajaza fomu bila intaneti na kutuma baadaye mtandao ukipatikana. Fomu yangu ina maswali manne tu: kundi, mililita za kila chupa, picha ya bomba la sindano, na maoni. Sehemu ya mililita inakataa namba hasi na chochote kinachozidi 850, yaani milimita 150 za mvua kwa siku. Kikomo hicho kinakamata nukta ya desimali iliyosahauliwa, ndiyo hitilafu ya kila wiki. Picha nazipunguza hadi pikseli 1024 kwenye mipangilio ya fomu, la sivyo bando linaisha kabla ya Jumatano.

Saa usiwaulize. Mwanafunzi anasoma saa 3 asubuhi, anaandika 3:00, na kompyuta inaelewa ni saa tisa usiku. Iache fomu ijirekodi yenyewe muda ilipofunguliwa, na kabla ya kuanza hakikisha tarehe ya kishikwambi ni sahihi, kwa sababu betri ikikauka siku kadhaa vingine hurudi nyuma miaka.

Kazi kwenye kundi la watu watano zinazunguka kila wiki: mpimaji, msomaji, mwandishi wa daftari, mwenye kishikwambi, mkaguzi. Mwenye kishikwambi haamui namba, anaandika anachosomewa. Bila kanuni hiyo, kijana mmoja anayejiona fundi wa simu anakishika mwezi mzima na wasichana wanabaki na kalamu. Daftari la karatasi ni la lazima pia. Kishikwambi kikizima chaji au kikifungiwa ofisini, daftari ndilo linalookoa siku hiyo.

Eneo la paa linapimwa chini, kwa futi kamba, kutoka mstari wa matone upande mmoja hadi mwingine. Mteremko wa bati hauhesabiwi, maana mvua inaliona paa kwa juu. Tuseme ni mita 27 kwa 9, yaani mita za mraba 243. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati linapoteza kidogo kwa kulowana na kurusha, hivyo nazidisha kwa 0.85. Mvua ya milimita 20 inatoa lita 4,131. Matumizi yanapatikana kwa kuhesabu ndoo zinazoingia vyooni: ndoo 30 za lita 20 ni lita 600 kwa siku ya masomo.

Kabla ya kompyuta, kila kundi linachora grafu ya wiki ya kwanza kwa mkono kwenye manila. Asiyewahi kugawa mhimili mwenyewe hatashtuka Calc, programu ya majedwali ya hesabu, ikimpa grafu ya kijinga.

Kwenye LibreOffice Calc safu B ni milimita, C maji ya paa, D matumizi, E maji yaliyobaki tangini. Eneo linakaa H1, kizidisho H2. Seli C3 ni =B3*$H$1*$H$2; ukisahau alama za dola, mstari unaofuata unazidisha kwa seli tupu na unapata sifuri. Seli E3 ni =MAX(0,MIN(5000,E2+C3-D3)) kwa tangi la lita 5,000, na E2 lazima iwe na namba ya kuanzia, hata sifuri. Namba iliyoegemea kushoto mwa seli ni maandishi, mara nyingi kwa sababu ya mkato badala ya nukta.

Utamu wa mradi uko safu ya E. Wanaona kwamba mvua ya milimita 40 kwenye tangi tupu inaleta lita 8,262 na, baada ya kutoa matumizi ya siku, zaidi ya 2,600 zinamwagika, kisha siku tisa za masomo bila mvua zinalimaliza tangi lote. Wanaanza kubadilisha 5,000 kuwa 10,000 bila kuambiwa, wanauliza bei ya tangi la pili, wanabishana kama Jumapili iandikwe 600 au sifuri. Hapo mwalimu anyamaze.

Alama ni 20: vipimo 5, hesabu 6, maelezo 5, na 4 za mdomo kwa mtu mmoja mmoja. Za mdomo ni dawa ya wanaobebwa. Naonyesha seli yoyote na kuuliza namba hii imetoka wapi. Anayejua anarudi mpaka kwenye chupa. Umeme ukikatika siku ya kuwasilisha, manila zipo ukutani na maswali ni yaleyale.