Nani anapima kanga bila pindo?

Tanga, Jumanne usiku

Natengeneza tovuti ya duka la kanga, na leo nimemaliza kadi moja. Siku nzima, kadi moja ya kanga: picha juu, jina chini yake, bei, kisha kitufe cha kuagiza. Kwenye mchoro wa Figma (programu ya kusanifia kurasa) alionitumia dada msanifu, kadi hizi ziko kumi na mbili, zimepangwa nne nne, zinafanana kama mapacha. Ni mchoro mzuri kweli. Nilipoufungua Ijumaa niliona ni kazi ya jioni moja.

Nilianza na HTML peke yake, lugha inayokiambia kivinjari ukurasa una nini, bila rangi hata moja. Ndivyo nilivyojizoeza: kabla sijauliza kitu kinaonekanaje, nauliza ni kitu gani. Kwenye mchoro kila kitu ni mstatili, kitufe na picha na bei, lakini kivinjari kinataka kuambiwa kipi ni kipi. Kanga zote nimeziweka ndani ya ul, kwa sababu kweli ni orodha. Jina nimelipa h3, yaani kichwa kidogo. Kitufe ni button halisi, si div (kisanduku kisicho na maana yake) iliyopakwa rangi. Button hufikiwa kwa kibodi, na programu inayomsomea asiyeona humtangazia kwamba hapa pana kitufe. Div haina habari hiyo.

Jina nimelifikiria sana. Mchoro unalionyesha kwa herufi kubwa tupu, kama linavyochapwa kitambaani. Mimi nimeliandika kwa herufi za kawaida, nikaiachia CSS, lugha ya muonekano wa ukurasa, ilikuze kwa text-transform. Wala sikutaka libaki ndani ya picha tu. Mteja wa kanga huja dukani na jina mdomoni, na mtandaoni atalitafuta hivyo hivyo.

Mchana mama mwenye duka akanitumia majina ya kanga zake kwa WhatsApp, na hapo kazi ikageuka. Msanifu alikuwa ameweka jina moja kwenye kadi zote kumi na mbili: "Wema hauozi". Herufi kumi na moja ukihesabu na nafasi. La tatu kwenye orodha ya mama lilikuwa "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake". Hilo lina hamsini na nne.

Nilikuwa nimeipa kadi kimo cha pikseli (nukta za skrini) 320, kama mchoro ulivyosema. Kwenye simu lile jina likashuka mistari mitano, likaisukuma bei chini, na kitufe kikamwagika nje ya kadi. Nikafuta kimo, nikaweka min-height: isipungue hapo, ila ikihitaji kurefuka irefuke. Gridi ya CSS ina jambo moja ninalolipenda. Kadi zilizo safu moja hurefuka pamoja kufuata ile ndefu kuliko zote, bila kuambiwa. Ndani ya kadi nikapanga vitu kwa flex ya kushuka chini (flex-direction: column), nikakipa kitufe margin-top: auto ili vitufe vyote vikae chini kwenye mstari mmoja hata kama majina yamepishana urefu.

Hata bila majina marefu kimo kile kingevunjika. Mama amekuza maandishi ya simu yake kwa sababu ya macho, na wateja wake wengi ni rika lake. Håkon Wium Lie alipopendekeza CSS akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, mwaka 1994, alitaka msomaji naye awe na kauli juu ya muonekano wa ukurasa, matakwa yake yachanganywe na ya mwandishi. Nalikumbuka hilo kila mkono unapotaka kufungia ukubwa wa kitu ili tu kifanane na mchoro.

Picha ndiyo iliyoniuma zaidi. Mchoro una picha za mraba, na kanga si mraba. Nikatumia object-fit: cover, inayojaza mraba na kukata kinachozidi. Zikapendeza. Nilizitazama karibu dakika kumi ndipo nikaona kilichokatwa: pindo la kushoto na la kulia. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Ukiondoa pindo unauza kitambaa kingine. Nikampigia dada msanifu, naye akakubali palepale tuache mraba. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110, basi nimeandika uwiano wa upana kwa kimo, aspect-ratio: 15 / 11, na sasa inaonekana nzima. Picha zimekuwa fupi kidogo kuliko za mchoro. Kwangu sasa ndizo sahihi.

Halafu simu. Mchoro una upana wa pikseli 1440. Simu ya mama ina 360. Kwanza nilihakikisha lebo ya viewport, inayoiambia simu itumie upana wake halisi, ipo, maana bila hiyo simu hujifanya ina pikseli 980 hivi na kusinyaza kila kitu. Kisha hesabu: ukiacha 16 kila upande zinabaki 328. Kadi mbili za 160 na nafasi ya 8 katikati, 328 kamili. Nilifurahi. Nikazipa upana wa 160, zikatoka 186 kila moja, ya pili ikachungulia nje ya skrini.

Sababu naijua, lakini faili lilikuwa jipya na sikuwa nimeandika ule mstari. CSS ikiachwa na desturi yake hupima mji peke yake, yaani yaliyomo ndani ya kadi. Nafasi ya ndani, 12 na 12, na pindo la kadi, yaani mstari wa ukingoni, 1 na 1, huongezwa kwa nje. Mstari wa box-sizing: border-box ndio unaoiambia ipime vyote kwa pamoja.

Jioni nilipita dukani Ngamiani kumwonyesha mama. Akaniuliza mbona nimechelewa, nikamweleza hilo la vipimo, kwamba kompyuta ilikuwa ikipima mji ikaacha pindo. Akaacha kukunja doti aliyokuwa nayo.

"Mwanangu, nani anapima kanga bila pindo?"

Akachukua simu, akashuka taratibu kwa kidole. Kwenye ile ya simba akalisoma jina lote kwa sauti, hadi mwisho. Akarudi juu kwenye kanga ya kwanza, akaiweka simu kando ya kanga yenyewe pale mezani. Pindo la kitambaani lilikuwa jekundu lililoiva, la kwenye skrini lilikuwa la rangi ya machungwa. Nilizipiga picha chini ya taa ya dukani.

Kesho saa mbili asubuhi tunazitoa barazani, zote kumi na mbili, tuzipige upya kwa mwanga wa jua.