Nimelipa laki nzima kwenda kutapikiwa na ndege

Laki moja kwa kichwa, ndo walivyotukata pale Kizimkazi, eti chakula humo humo, chakula chenyewe boflo na chai ya rangi imeshapoa. Ila niliambiwa Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo huko nje baharini, jodari wamejaa, basi kichwani nishafika Feri nauza.

Tumetoka usiku. Ya njiani sisimulii, nilikua nimelala kifudifudi namuomba Mungu.

Kumekucha namuona nahodha anaangalia juu tu. Mzee, unatafuta nini? "Ndege, mjukuu wangu. Jodari mi simuoni, wanamuona wao." Kumbe jodari akiwinda anawasukuma dagaa juu, na wale ndege wa mgongo mweusi tumbo jeupe wanadokoa hapo hapo juu juu, maana hawazami, manyoya yao yanalowa. Jodari asipopandisha, wao njaa.

Sasa siku hiyo bahari shwari, maji ukitia mkono vuguvugu, mi nafurahi mzee anasonya. Maji ya juu yakipata moto sana yanakaa peke yake, ya baridi ya chini yenye rutuba hayapandi, chakula cha dagaa kinapungua, dagaa wanashuka, jodari nyuma yao. Ilivyokua 1998, joto lile lililoyafanya matumbawe meupe, hata meli kubwa za jodari zilihamia mashariki mwa Bahari ya Hindi. Meli ina mafuta, ndege je?

Tumezunguka weee, mara likaja dege jeupe, uso mweusi kama limevaa barakoa, likatua omoni, mbele ya chombo. Nikajifanya mpiga picha, nikalisogelea na simu. Likanitapikia mguuni! Panzi wa baharini mmoja, yule samaki anayeruka, kidole changu kirefu kuliko yeye, na kipande cha ngisi, basi. Harufu ile yallah. Wenzangu wanacheka, mzee kamuokota yule panzi kamweka kiganjani, "Zamani hawa wakitapika unapata kitoweo." Nikaliangalia vizuri lile dege, mfupa wa kifua umetokeza kama mkuku wa ngalawa.

Nikamkumbuka mama, zamani dagaa anachukua Kunduchi kwa mguu, siku hizi anapanda daladala mbili kuwafuata na anarudi ndoo nusu.

Tumerudi na vibua wawili. Nikamwambia nahodha anirudishie hata nusu, akasema nikadai kwa yule aliyenitapikia.