Shida Haikuwa Injini, Ilikuwa Mguu Wangu

Safari ya Dar–Morogoro, kilomita 190 hivi, ilikuwa inanila lita 17 kwa kigari cha injini ya 1500. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa. Wapi!

Tatizo lilikuwa mguu wangu wa kulia. Ukiwa kwenye 110, upepo unalikaba gari karibu mara mbili ya unavyolikaba kwenye 80, maana nguvu yake hupanda kwa mraba wa mwendo. Basi nikaugandisha mshale kwenye 80. Nikiona lori limepunguza huko mbele, naachia mafuta mapema. Breki naigusa mwishoni tu. Sasa natumia lita 13.

Nilichopoteza ni dakika ishirini na kitu, kwa sababu vijiji vyenye kikomo cha 50 vinatulinganisha wote. Jamaa aliyenipita kwa mbwembwe pale Chalinze nilimkuta Mikese, trafiki anamwandikia elfu 30 zake. (Nilicheka kimoyomoyo, sikatai.)

Na mwanangu, aliyekuwa akitapika kila tukikaribia Bwawani, siku hizi anafika anadai mishikaki. Kopo lake bado lipo chini ya kiti, kavu.