Siku yangu moja ofisini: kuwapokea wasomi wageni Ujerumani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Novemba katika jimbo la Saxony haina alfajiri ya kuitwa alfajiri, ni giza na manyunyu. Bagamoyo wako saa mbili mbele, kumeshakucha. Namtumia mama shikamoo ya sauti, na marahaba yake inafika kabla sijavaa soksi ya pili.

Chuo kikuu kimeniajiri nipokee watafiti na maprofesa kutoka nje. Mwaka wa tisa huu. Mama huwaambia majirani kwamba mimi ni mwenyeji wa wageni, na sijawahi kumsahihisha.

Saa mbili na nusu. Nimesimama nje ya ofisi ya kuandikisha wakazi nikimsubiri daktari wa fizikia kutoka Dodoma. Hatokei, simu hapokei. Saa tatu na nusu huyo anakuja, faili kwapani, uso unang'aa. "Dada, nimewahi!"

Kosa ni langu. Juzi, kwa kuwa anajifunza Kijerumani, nilimtajia saa kwa Kijerumani: halb neun, "nusu tisa". Akaielewa kuwa saa tisa na nusu ya huku. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu ya saa inayokuja, si ya iliyopita, kwa hiyo ni nusu saa kabla ya tisa. Sisi tuliokulia kwenye saa za Kiswahili tayari tuna hesabu ya kuongeza na kutoa sita kichwani, sasa uichanganye na hiyo. Nami niliwahi kuachwa na treni kwa kosa hilohilo, lakini nilimficha, akacheka peke yake.

Miadi imepotea, na inayofuata ni baada ya wiki tatu. Sheria inampa aliyehamia wiki 2 tu kujiandikisha, akiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Asipoandikishwa, namba ya mlipakodi haiji, na idara ya mishahara inaidai namba hiyo. Huyo mwenye nyumba naye, kabla hajakupa funguo, anataka kuona hati za mishahara ya miezi 3. Mishahara ipi, na mtu ameshuka kwenye ndege juzi?

Saa tano. Ujumbe kutoka kwa mwanabaiolojia wa Nakuru, ambaye jana alikabidhiwa nyumba: "Dada, tumeibiwa jiko lote!" Nakimbilia huko. Hakuna mwizi. Huku mpangaji akihama, mara nyingi anaondoka na jiko lake zima: makabati, sinki, hata balbu. Ukutani yametokeza mabomba mawili, darini zinaning'inia nyaya. Wameshalipa dhamana ya kodi ya miezi 3, ambacho ndicho kiwango cha juu kisheria, na sasa wakanunue sinki. Mtoto wao wa miaka miwili ameketi juu ya sanduku anakula mkate, hana habari.

Mumewe ananisindikiza hadi ngazini. Kule Nakuru alikuwa mhasibu. "Kibali kinaniruhusu kazi yoyote," anasema, "ila lugha ndiyo hainiruhusu." Nilikosa la kumjibu. Nikamwambia kaka, duka la vifaa vya jikoni liko kituo cha pili cha tramu.

Saa saba, kantini. Viazi.

Saa nane, kikao. Kitivo kinataka kumvuta profesa mmoja kutoka India, na mazungumzo yote ni tuzo ya uprofesa ya Alexander von Humboldt: euro milioni 5 kwa miaka 5 kwa wanaofanya utafiti wa majaribio. Maabara, mashine, wasaidizi, kila kitu kimechorwa kwa rangi. Mimi nimeshika barua pepe ya profesa mwenyewe, yenye maswali mawili: binti yake atasoma shule gani, na je, mkewe, daktari wa meno, ataruhusiwa kutibu? Nayasoma kwa sauti. Wanatazamana, kisha mmoja anasema hayo ni ya ofisi yako. Sawa. Lakini nimeona watu wakifungasha virago kwa ajili ya hayo hayo mawili, sijaona aliyeondoka kwa kukosa mashine.

Saa kumi na moja, kwenye tramu. Siku kama hizi humkumbuka mtu wa kwetu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeletwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Baadhi ya wanafunzi hawakumheshimu kwa rangi yake. Akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka 1905 walipojaribu kwenda kuishi pwani, serikali ya kikoloni ikawakatalia. Akafia Berlin mwaka 1927. Alitakiwa kwa Kiswahili chake. Mkewe hakutakiwa popote alipokwenda naye.

Saa mbili usiku nimepakua wali, simu inalia. Kuna mtu ameahirisha, nafasi imepatikana kesho asubuhi. Namwandikia daktari kwa tarakimu: 7:40.

Anajibu papo hapo: "Ya kwetu au ya kwao?"

"Ya kwao. Ya kwetu ni saa moja na dakika arobaini. Nitakupigia kukuamsha."